Kabla hujaiachia fanksheni yako kwa thredi nyingi

Karibu na Krismasi pale Mwembe Tayari, Mombasa, kila mtu anataka basi la bara, na programu ya tiketi ambayo mwaka mzima haikuwa na neno ghafla inauza kiti namba 7 kwa abiria wawili. Hapo utaskia intaneti inalaumiwa. Sio intaneti bana, mara nyingi ni fanksheni, kipande cha programu chenye kazi yake, iliyoandikwa kana kwamba itaitwa na mmoja mmoja kwa zamu, alafu ikaitwa na thredi kadhaa, yaani njia za kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu moja, kwa mpigo. Kwa hivo kabla hujaongeza thredi kuna mambo ya kuangalia, na la kwanza ndio zito, manake ukilishika hilo mengine yanakuwa mepesi.

Jiulize hii fanksheni inagusa nini kisichokuwa chake. Kama inapokea namba, inapiga hesabu na vigeu vyake vya ndani (majina yanayobeba thamani) na kurudisha jibu, iite hata mara elfu pamoja, haina shida, kila thredi ina steki yake, sehemu ya kumbukumbu inayoweka vigeu vya ndani. Matata yanaanza ikishika kitu cha wote, kigeu cha nje, listi iliyopewa kwa marejeo (yenyewe, sio nakala), faili, keshi (data iliyowekwa karibu itumike tena), na hapo angalau mmoja anabadilisha. Wakiwa wote wanasoma tu hakuna ugomvi. Na usidanganywe na ufupi wa mstari, hii counter++, ya kuongeza hesabu kwa moja, unaiona tendo moja lakini ndani ni matatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Thredi mbili zikisoma 41 pamoja zote zitaandika 42, ilhali ilikuwa ifike 43. Watu wa Python watakwambia sisi tuna GIL, ile kufuli ya ndani ya Python, haya, lakini GIL inahakikisha tu thredi moja inaenda kwa wakati mmoja, haizuii kupokezana katikati ya hatua hizo.

Sasa kile kiti. Fanksheni ilikagua kama kiwazi, ikakuta ndio, alafu ikaandika jina, na baina ya kukagua na kuandika thredi nyengine ikakagua pia ikakuta bado kiwazi. Wengi wakiambiwa waweke kufuli, kitu kinachoruhusu thredi moja ipite na nyengine zingoje, wanaifunga pale kwa kuandika peke yake, na hiyo ni kazi bure, kufuli lazima ishike kuanzia kukagua mpaka kuandika, na kila fanksheni nyengine inayogusa viti itumie kufuli hiyohiyo. Ukiwa na kufuli mbili, zishikwe kwa mpangilio mmoja kila mahali, la sivyo huyu atashika A akingoja B na yule B akingoja A, mutalala hapo.

Angalia pia laibrari unazoita, yaani fanksheni zilizoandikwa na wengine, soma maelezo yake kabisa. strtok ya C, ya kukata maandishi vipande, inaficha mahali ilipofikia baina ya mwito na mwito, ndio kukawa na strtok_r, ambayo wewe mwenyewe unaishikia pale ilipofikia. Kwa Java, SimpleDateFormat ya kuandika tarehe usiigawie thredi nyingi, chukua DateTimeFormatter iliyokuja na Java 8, hiyo haibadiliki ikishaundwa. Mie ningeanza hapo kila mara, kitu kisichobadilika hakihitaji kufuli.

Alafu usijipe moyo eti umejaribu kwa laptopu ikakubali. Mashine ya mionzi ya Therac-25, kati ya 1985 na 1987, iliwapa wagonjwa wasiopungua 6 dozi kubwa kupita kiasi, na moja ya sababu ilikuwa kosa la namna hii: lilijitokeza opereta aliyezoea kazi akisahihisha maelezo kwenye skrini haraka haraka, ukienda polepole hulioni. Kwa hivo tumia vifaa vya kusaka, kwa lugha ya Go endesha go test -race, kwa C na C++ kuna ThreadSanitizer, ila vinaona tu sehemu ya programu iliyoendeshwa kweli, basi jaribio lako liwe na vurugu za kutosha.

Na kama seva ni mbili, kufuli iliyo ndani ya programu haitoshi, manake kila seva ina yake na hazijuani. Hapo peleka ulinzi kwa databesi, weka sharti kwamba safari moja na kiti kimoja visijirudie, wa pili akataliwe na databesi yenyewe, na fanksheni yako iwe tayari kumwambia vizuri kwamba kiti kimeenda, achague chengine.