Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilishiwa Dawa ya Sonona

Mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, aliyekwisha kupata nafuu kwa dawa kama fluoksetini au amitriptilini, kisha akaanza tena kukosa usingizi na kuamka akiwa amechoka, mara nyingi hufika kliniki na ombi moja: apewe dawa kali zaidi. Huenda ombi hilo ni la haki, lakini daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kulipima bila habari ambazo mgonjwa peke yake anazo, kwa hiyo ni vyema ziandaliwe nyumbani. Hadi siku ya miadi, dawa iendelee kumezwa kama ilivyoandikwa.

Habari iliyo nzito kuliko zote ni namna dawa ilivyomezwa kweli, wala si namna ilivyotakiwa kumezwa. Fedha inapopungua au duka la dawa linapoishiwa, watu huruka siku au hukata kidonge nusu. Wengine huacha mara wanapojisikia vizuri. Na wapo wanaoacha kimyakimya kwa sababu dawa imewapunguzia hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo huona haya kulitaja mbele ya daktari. Litajwe hata hivyo, kwa kuwa daktari asiyeambiwa ataongeza dozi ya dawa ambayo haikuwa ikimezwa.

Kiasi na muda navyo viandikwe. Dawa hizi huchukua kati ya wiki 2 na 6 kuonyesha kazi yake, na muda huo huhesabiwa upya kila dozi inapoongezwa. Kwa maoni yangu, kosa linalopita bila kuonekana zaidi ni la mgonjwa kubaki miezi mingi na miligramu 25 za amitriptilini kila usiku. Kiasi hicho husaidia usingizi na maumivu ya neva, lakini kwa sonona ya mtu mzima ni dozi ya kuanzia tu, kwani dozi ya kutibu kwa kawaida huwa kati ya miligramu 75 na 150, hupandishwa polepole, na hupangwa na daktari. Hapo dawa haijashindwa, haijajaribiwa.

Dawa nyingine zote zibebwe pamoja na pakiti zake, mitishamba ikiwemo. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa hulifanya ini livunje dawa kadhaa za sonona haraka zaidi, hivyo mtu aliyekuwa akiendelea vizuri huweza kurudi nyuma baada ya kuanzishiwa mojawapo. Tramadoli ikichanganywa na fluoksetini huongeza hatari ya degedege na ya kuzidi kwa serotonini, kemikali ya ubongo, mwilini, ambako humletea mtu homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Pombe nayo isifichwe.

Mgonjwa aulizie pia vipimo vya damu vya tezi ya shingo na vya upungufu wa damu, na aseme kama ana mimba au ananyonyesha. Aeleze iwapo aliwahi kupitia siku za uchangamfu uliopita kiasi, akilala saa chache bila kuchoka na kutumia fedha ovyo, kwa maana dalili hizo huashiria ugonjwa mwingine ambao dawa ya sonona ikitumika peke yake huweza kuuchochea. Msiba au kupoteza kazi navyo visemwe, kwa sababu huenda kinachohitajika zaidi ni ushauri nasaha.

Ikiamuliwa kubadilisha, mgonjwa aombe ratiba iliyoandikwa siku kwa siku. Fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa na hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu, ndiyo maana haifai kulala na moja na kuamka na nyingine. Dawa nyingine zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani.

Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia, hasa amitriptilini, ambayo ikizidi hudhuru moyo na kuua. Ndugu mmoja wa kuaminika ajue tarehe ya mabadiliko, kwa sababu katika wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yaweza kuongezeka. Yakijitokeza, mgonjwa asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja miadi.