Kupunguza matunda ya michungwa na michenza: mashine ianze, mkono umalize

Mchenza uliobeba kupita kiasi huzaa machenza madogo, matawi yake huvunjika, na msimu unaofuata hutoa maua machache mno. Matunda mengi hunyonya akiba ya wanga iliyomo mizizini, na pia huzuia vichipukizi kugeuka kuwa maua. Kwa hiyo anayepunguza matunda leo anatafuta tunda kubwa la msimu huu na maua ya msimu ujao kwa pamoja.

Usikimbilie kuanza. Baada ya kutoa maua, mti wenyewe huangusha vitunda vingi kwa wiki kadhaa. Subiri upukutikaji huo utulie, kisha anza mara moja, vitunda vikiwa na upana wa karibu sentimita 2. Ukichelewa, tunda linalobaki halitafidia ukubwa lilioukosa.

Mashine ya kutikisa shina huokoa muda mwingi, lakini haichagui. Tena ina kasoro ninayotaka kila mkulima aielewe: tunda zito ndilo huanguka kwanza, wakati lile dogo tulilotaka kuliondoa linabaki likining'inia. Jaribu kwanza kwenye miti michache. Tandika turubai chini, tikisa kwa sekunde chache tu, zima, halafu kagua kilichoanguka. Ukiona majani mabichi na vijiti vimejaa turubai, au gome limechubuka pale lilipobanwa, nguvu imezidi. Majani yakiwa na umande au mvua, acha kabisa, kwani bakteria wa kanka, ugonjwa unaotoa vidonda kwenye majani na matunda, husambazwa na maji na kuingia kupitia majeraha. Safisha mashine na uue vijidudu vilivyoishikamana kabla ya kuhamia shamba jingine.

Kwa machungwa ya Valencia tahadhari ni kubwa zaidi: mara nyingi matunda yaliyoiva bado yako mtini vitunda vipya vinapotoka, na mtikiso hauyatofautishi.

Mashine iondoe sehemu tu ya mzigo. Kinachobaki pitia kwa mkono na mkasi. Kwenye kishada, toa tunda lenye kovu, lililopinda, au linalosuguana na mwenzake, na ukate kikonyo kifupi kisije kikalichoma tunda la jirani. Kwa machenza ya Satsuma, kipimo kinachofaa ni majani 20 hadi 25 kwa kila tunda. Hesabu kwenye matawi mawili matatu, jicho litazoea.

Mwaka ambao mti umebeba kidogo, usiuguse. Malimau na ndimu kwa kawaida hayahitaji kazi hii.