Herbie Hancock wa umeme: uanze na albamu ipi?

Anayeulizwa swali hili, kuhusu albamu ambazo Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, alizipiga kwa vinanda vya umeme, kwa kawaida hujibu kwa orodha ya miaka: anza 1969, malizia 1983, kila albamu kwa zamu yake. Mimi siifuati njia hiyo na sikushauri uifuate. Ukienda kwa miaka utakutana na Sextant kabla masikio hayajaizoea lugha yake, na wengi huishia hapo wakisema muziki huu si wa kwao.

Mimi ni mpiga besi, nitakushauri kama mpiga besi. Usitazame mwaka, tazama nani ameshika besi na nani amekalia dramu. Hancock ni yuleyule kuanzia mwanzo hadi mwisho: mtoto wa Chicago aliyezaliwa 1940, aliyekuwa kwenye kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1963 na akawekewa piano ya umeme na huyohuyo Miles. Wanaobadilika ni wale wawili wa chini, na wakibadilika wao, hata mkono wa Hancock hubadilika.

Kwa hiyo anza na Head Hunters ya 1973, lakini isikilize kwa kazi maalumu. Ina vibao vinne tu, na kila kimoja kitakwambia uelekee wapi baadaye.

Cha kwanza, "Chameleon", kina dakika kumi na tano na ushee. Besi ile nzito ya mwanzo, ambayo kila mtu huiimba kwa mdomo, si gitaa la besi hata kidogo. Ni Hancock anabonyeza sintesaiza ya ARP Odyssey, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. Paul Jackson, mwenye besi halisi, anaingia juu yake na kale kamstari kembamba unakodhani ni gitaa. Albamu nzima haina mpiga gitaa. Kila unaposikia mkwaruzo unaofanana na gitaa, jua ni kinanda cha clavinet au ni Jackson mwenyewe. Sasa subiri karibu na katikati: mdundo unabadilika, unakuwa mwepesi, na piano ya umeme inaanza kusimulia. Hapo jiulize umeipenda nusu ipi. Kama ni ya kwanza, unatafuta fanki, muziki wa kuchezeka wenye besi nzito, na safari yako inaelekea kwenye albamu ya Man-Child. Kama ni ya pili, nenda kwenye albamu ya Thrust moja kwa moja.

"Watermelon Man" ni wimbo ambao Hancock alikuwa ameshaurekodi 1962 kwenye Takin' Off, albamu yake ya kwanza kabisa. Hapa unaanza na Bill Summers anayepuliza chupa ya bia, akiiga upulizaji wa filimbi wa jamii za misituni Afrika ya Kati. Isikilize na ile ya 1962 siku moja. Ukiona ile ya zamani, yenye mapigo ya wazi na tarumbeta ya Freddie Hubbard, ndiyo imekugusa zaidi, basi kaa na Fat Albert Rotunda ya 1969. Hiyo ni albamu ya furaha, yenye asili katika kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Bill Cosby, na ndani yake mna "Tell Me a Bedtime Story", wimbo mtulivu ambao wanamuziki wengi hawajaacha kuupiga hadi leo. Sina la kuongeza juu yake. Haina ugumu wowote.

"Sly", iliyopewa jina la mwanamuziki wa fanki Sly Stone, inaanza kwa kujivuta halafu inachomoka mbio. Ukijikuta umekaza meno kwenye zile mbio, hilo nalo linakupeleka Thrust.

Na kile cha mwisho, "Vein Melter", ambacho wasikilizaji wengi hukiacha kipite? Mpiga dramu Harvey Mason anapiga mdundo wa polepole kama wa maandamano, klarineti ya besi ya Bennie Maupin inapita juu kama moshi. Ikiwa hiki ndicho ulichokirudia mara mbili, una bahati, maana nyuma yake kuna kabati zima linalokusubiri: bendi ya Mwandishi.

Hapa nitakaa kidogo.

Bendi ile ilikuwa ya watu sita, na kila mmoja alikuwa na jina la Kiswahili: Hancock alikuwa Mwandishi, Maupin akawa Mwile, Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga, Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto, Buster Williams wa besi Mchezaji, na Billy Hart wa dramu Jabali. Majina yalitoka kwa James Mtume, mpiga ngoma ambaye baadaye alijiunga na Miles Davis. Ilikuwa zama ambazo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakijitafutia majina ya Kiafrika, na jazi haikubaki nyuma.

Albamu ya kwanza ya kundi hili, Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970. Kibao cha kufungulia ni "Ostinato", kilichotolewa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis. Usikisikilize kwa kutafuta solo. Hesabu. Hesabu hadi nane, kisha hadi saba, kisha rudia: jumla kumi na tano. Besi inashikilia mzunguko huohuo bila kuchoka, na wapiga dramu wamekuwa wawili, kwa sababu Ndugu Chancler amealikwa kumsaidia Hart. Ukishaacha kuhesabu kwa kidole na mwili ukaanza kujua wenyewe pale mapigo yanapokatika, bendi hii imeshakufungulia mlango. Usiku huohuo sikiliza "You'll Know When You Get There". "Wandering Spirit Song", yenye dakika zaidi ya ishirini, iache kwa siku nyingine.

Kisha Crossings ya 1972. Kwenye santuri upande mzima wa kwanza ni "Sleeping Giant", karibu dakika ishirini na tano, na unaanza kwa ngoma na vigonga vitupu. Lakini usianze na huo. Geuza upande wa pili uanze na "Quasar", utunzi wa Maupin, wa dakika saba na ushee. Hapo utakutana na mtu wa saba, Patrick Gleeson, fundi wa sintesaiza ya Moog. Aliombwa amwandalie Hancock mitambo, na Hancock alivyosikia anachokitoa akamwambia aicheze mwenyewe. Sauti zake nyingi si noti. Ni upepo, ni matone, ni kitu kinachotambaa. Anayezitafutia wimbo atachoka upesi. Zichukulie kama hali ya hewa, na sikio ulibandike kwa Buster Williams. Yeye ndiye ardhi. Ukimfuata yeye hupotei, hata pale wenzake wote wanapokuwa wamepaa.

Sextant ya 1973 ndiyo ya mwisho ya bendi hii na ndiyo ngumu kuliko zote. "Rain Dance" inayofungua ni milio ya mitambo inayodondoka, na wengi hurudisha santuri kwenye jalada papo hapo. Ruka. Anza na "Hidden Shadows": mzunguko wake una mapigo kumi na tisa, ila besi inauburuta kwa uzito ambao hata asiyehesabu ataanza kutikisa kichwa. Ukiizoea, rudi "Rain Dance". "Hornets", dakika karibu ishirini za zogo, naipenda kwa siku maalumu tu, na simlaumu asiyeipenda kabisa.

Bendi ya Mwandishi haikuuza, na kuwalipa watu wengi vile safarini kulimshinda Hancock. Akaivunja, akabaki na Maupin peke yake, akaunda Headhunters, kundi la ile albamu ya Head Hunters. Ndiyo maana nasema Maupin ni uzi wa kushonea: popote ulipo katika miaka hii, ukimsikia yeye ujue hujatoka nje ya nyumba.

Sasa Thrust, ya 1974. Ukiniambia nibaki na moja tu, nabaki na hii, na najua wengi watanipinga. Mason ameondoka, ameingia Mike Clark, na papo hapo Paul Jackson amekuwa mtu mwingine. Kwenye "Actual Proof" Jackson hapigi mstari mmoja na kuurudia kama wapiga besi wa fanki wanavyofanya. Anazungumza mfululizo, anakata sentensi, anaruka pigo ulilolitegemea, na Clark anajaza kila tundu analoachiwa. Sikiliza mara moja ukiwafuata hao wawili tu, kana kwamba Hancock hayupo. Halafu irudie ukimfuata Hancock, uone anavyotembea juu ya sakafu inayocheza. "Butterfly" ni mapumziko baada ya hapo, na ni kati ya tuni nzuri kuliko zote alizowahi kuandika na Maupin.

Aliyeipenda Thrust atafute Flood, iliyorekodiwa jukwaani Japani 1975 na kwa muda mrefu ikauzwa hukohuko tu. Inaanza na piano ya kawaida, "Maiden Voyage" ya enzi alizorekodi kwa lebo ya Blue Note, kisha inateleza hadi "Actual Proof". Ni dawa nzuri kwa wanaosema umeme ulimharibu.

Man-Child, pia ya 1975, ni ya wale wa nusu ya kwanza ya "Chameleon". Gitaa limerudi, tena kwa wingi, Wah Wah Watson akiwa mbele. Wapiga besi na dramu ni kadhaa, wanapokezana. Kwangu hapo ndipo ule ubishi wa besi na dramu unapopungua, lakini "Hang Up Your Hang Ups" ukiifungua kwa sauti kubwa hakuna atakayebaki ameketi. Secrets ya 1976 ifuate tu kama hii imekukolea.

Baada ya hapo punguza mwendo. Sunlight ya 1978 ina Hancock anayeimba kupitia vocoder, mtambo unaoifanya sauti ya mtu isikike kama ya mashine. Isikilize mara moja, na usiuache "Good Question" mwishoni, ambako mpiga besi Jaco Pastorius na mpiga dramu Tony Williams wanakutana. Feets, Don't Fail Me Now na Lite Me Up ziache zipite. Mr. Hands ya 1980 ni bora kuliko sifa inayopewa. Future Shock ya 1983, yenye "Rockit", ni ulimwengu mwingine: dramu ni mashine, GrandMixer D.ST anakwaruza santuri, na mwenye asili ya hip hop anaweza kuanzia hapo bila kupitia kwangu.

Kwa asiye na subira ya yote haya kuna V.S.O.P., onyesho la New York la Juni 1976. Kwenye onyesho hilohilo Hancock yuko na wenzake wa enzi za Miles, kisha bendi ya Mwandishi iliyorudi pamoja, kisha kundi la fanki. Utajua ndani ya jioni moja mguu wako unaelekea wapi.

Na unapotafuta, angalia urefu wa vibao. "Chameleon" ilikatwa ikawa ya dakika tatu kwa ajili ya redio, na mara nyingi ndiyo inayojitokeza kwanza. Ile nusu ya pili niliyokuambia uisubiri humo haimo. Vilevile, Fat Albert Rotunda, Mwandishi na Crossings zilikusanywa 1994 kwenye diski mbili chini ya jina Mwandishi: The Complete Warner Bros. Recordings. Ukiipata hiyo, usizinunue moja moja.