Namna ya Kuandaa Mkutano wa Mwisho wa Juma wa Wanafunzi na Watendaji wa Permakalcha Lubumbashi

Mkutano wa mwisho wa juma hauwezi kuchukua nafasi ya kozi kamili ya usanifu wa permakalcha (upangaji wa shamba na makazi kwa kuiga mifumo ya asili), kozi ambayo kwa kawaida huchukua saa 72, kwa hiyo mwandaaji asiahidi cheti. Unachoweza kutoa ni kile kinachokosekana darasani: wanafunzi na watu wenye uzoefu wakae juu ya kiwanja kimoja chenye mwenyewe, kisha wamwachie mchoro atakaoutumia. Ndiyo maana kiwanja hutafutwa kwanza, kabla ya ukumbi na wasemaji.

Kinachofaa ni kiwanja cha familia inayoishi papo hapo, pembezoni mwa mji, kwa mfano katika komine (wilaya ya mji) ya Annexe. Kabla ya kukikubali, ulizia historia yake. Mji wa Lubumbashi ulikua tangu 1910 kando ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, na moshi wa kiwanda hicho umeacha metali katika udongo wa sehemu kadhaa, ikiwemo shaba, kobalti, risasi na kadmi. Palipobaki upara kwa miaka mingi, au palipomwagwa mabaki ya mgodi, pasifundishiwe kilimo cha lengalenga wala mboga nyingine za majani, kwa sababu mlaji ndiye atakayebeba sumu hiyo.

Kuhusu majira, mimi hupendelea nusu ya pili ya Novemba. Mwezi wa Oktoba udongo mwekundu bado ni mgumu mno kwa jembe, ilhali baada ya mvua za kwanza unachimbika na njia za maji zinaonekana kwa macho. Wakati huo, hata hivyo, wakulima wanapanda mahindi, hivyo wapewe taarifa mapema.

Alika watu wasiozidi 30, na kila mtendaji mzoefu apewe wanafunzi watatu au wanne. Anzeni Ijumaa alasiri kwa kutembea tu, bila jembe. Mwombeni mama mwenye nyumba awapitishe katika njia zake za kila siku: kisimani, jikoni, kwenye kuku, chooni. Kanda za permakalcha, kuanzia sifuri ambayo ni nyumba hadi tano ambayo ni pori lisiloguswa, hupangwa kwa kufuata nyayo hizo. Mchoro uliotangulia matembezi hayo mara nyingi huweka bustani ya mboga mahali asipopita mtu.

Jumamosi asubuhi ni ya maji. Kila kikundi kitengeneze kipimo cha umbo la A: miti miwili ya mita 2 inayofungwa pamoja juu, upau katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Kisimamisheni juu ya vigingi viwili, wekeni alama uzi unapogusa upau, kisha badilisheni nafasi za miguu na kuweka alama ya pili. Uzi ukitulia katikati ya alama hizo, miguu iko sawa. Kwa kipimo hicho mtavuka mteremko kwa usawa, mkipigilia kigingi baada ya kigingi, na vigingi vitawaonyesha pa kuchimba mtaro wa kukinga maji ya mvua. Udongo hutupwa upande wa chini na kupandwa majani ya kuushika. Acheni mdomo uliojengwa kwa mawe wa kutolea maji yanayozidi, maana mtaro usio na mdomo hubomoka kwenye mvua kubwa.

Iwapo pana kichuguu kikubwa, msiruhusu kisawazishwe kwa haraka. Udongo wake una mfinyanzi na kalisi zaidi kuliko udongo wenye asidi unaokizunguka, na wakulima wetu wamezoea kuusambaza shambani. Jadilini Jumamosi jioni, baada ya chakula cha bukari (ugali) na sombe (kisamvu), ni kiasi gani kichukuliwe. Kwa maoni yangu, vile vikubwa vibaki na vipandwe miti.

Jumapili asubuhi iachiwe ibada. Alasiri wanafunzi wawasilishe michoro kwa Kiswahili, wakimwelekea mwenye kiwanja na si mwalimu, naye awe na haki ya kukataa lolote. Kabla ya kutawanyika, teueni watu wawili watakaorudi mara baada ya mvua kubwa ya kwanza kukagua mtaro na kurekebisha mdomo wake.