Jinsi ya kumshabikia mchezaji wa chuo aliyetoboa, na wewe uko zako Malindi

Pita pale sokoni kwenye mitumba uangalie fulana, utaona Kansas, Duke, UCLA, Michigan, vyuo vya Marekani kibao vimetundikwa, na mtu akishanunua yeye huvaa tu hata hajui imeandikwa nini. Mimi vijana huwaambia anzieni hapo hapo. Kama huna ndugu aliyepata skolashipu huko na hujui pa kushika, shika chuo cha fulana yako, tafuta kwa simu nani alichezea basketi hapo na sahii yuko timu gani, ushapata mtu wako. Sababu ya kijinga? Haya, lakini wangapi hapa ni Arsenal kwa sababu kaka yao mkubwa alikuwa Arsenal na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ila usianze na pete za ubingwa. Mtu akishabeba ubingwa na MVP, ile tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kila mtu ni shabiki wake, hata yule asiyejua kwota ni nini. Shabiki wa chuo raha yake ni nyingine, yeye anaweza kusema huyu mimi namjua tangu wakati alikuwa anapoteza mipira ovyo. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kurudi nyuma, uangalie miaka yake ya chuo kabla hujafungua mdomo kuhusu mamilioni anayolipwa.

Nachukua Stephen Curry kama mfano mana wote wamjua, hakuna atakayeachwa njiani. Davidson ni chuo kidogo huko North Carolina, wanafunzi hawafiki elfu mbili, kuna sekondari Kenya zina watoto kushinda hapo. Babake, Dell, alicheza NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, na alikuwa amesomea Virginia Tech, lakini Virginia Tech hao hao hawakumpa mtoto skolashipu. Mechi yake ya kwanza kabisa chuoni, 2006, alipoteza mpira mara 13. Mara 13! Mechi iliyofuata akawafunga Michigan pointi 32. Habari kama hizo shabiki wa Davidson anazo kichwani, shabiki wa juzi hana.

Kisha ikaja Machi 2008. Mashindano ya NCAA, yaani ya vyuo vya Marekani, ni mtoano, ukipigwa mara moja wafunga virago, na Davidson waliingia wakiwa wamepangwa namba 10 kati ya 16 upande wao. Curry akawatia Gonzaga 40, Georgetown 30 na hiyo walikuwa nyuma kwa pointi 17 wakarudi, Wisconsin 33 huku LeBron James mwenyewe amekaa pale uwanjani anamwangalia, na wakubwa wa chuo wakatoa pesa wanafunzi wapelekwe Detroit kwa basi bure, tikiti na malazi juu. Halafu Kansas wakawakata 59-57, mtupo wa mwisho wa pointi tatu wa Davidson ukakosa, na Kansas hao ndio waliobeba kombe mwaka ule. Zitafute hizo mechi kwanza, vipande viko YouTube. Usiangalie mpira, angalia miguu yake wakati hana mpira, anavozunguka nyuma ya wenzake mpaka anayemkaba anachoka, halafu fungua mechi yoyote ya Warriors, timu yake ya NBA, utaona ni yule yule. Mwenzako ataona tu mpira umeingia, wewe unaona ulikotoka.

Ukilinganisha chuo na pro, yaani ligi ya kulipwa, lakini chunga, hapo ndipo watu hubishana barazani mpaka kahawa ikapoa na wote wamekosea. Mechi ya chuo ya wanaume ni dakika 40, hafu mbili za 20. NBA ni 48, kwota nne za 12. Chuoni siku hizi timu ina sekunde 30 za kutupa, NBA 24. Faulo tano chuoni umetoka, NBA ni sita. Na ule mstari wa pointi tatu, 2008 chuoni ulikuwa mita 6.02 na wa NBA ni 7.24 pale kati, ndio maana wengi walikuwa na wasiwasi huyu mtoto mwembamba akifika kule atazima (leo chuo wameusogeza mpaka 6.75). Kwa hivyo mtu akikurushia namba, ati chuoni alikuwa anafunga 28.6 kwa mechi mwaka wake wa mwisho mbona NBA hakuanza hivo, muulize dakika ngapi, mstari uko wapi, na nani alikuwa anamkaba.

Halafu jifunze kusoma lile jedwali la takwimu la baada ya mechi, halimalizi bando na linakwambia mengi. Pointi usizitazame peke yake. Pointi 28 kwa mitupo 15 na pointi 28 kwa mitupo 30 sio kitu kimoja, wa pili huyo amewanyima wenzake mpira. Angalia dakika alizocheza, mana kijana wa mwaka wa kwanza NBA dakika zikipanda mwezi kwa mwezi basi kochi anaanza kumwamini hata kama pointi bado ni nne, nne. Mimi huangalia dakika kwanza kabla ya chochote.

Sasa masaa, na hapa ndipo ushabiki wetu huku Pwani unapopimwa. Kutoka Novemba mpaka karibu katikati ya Machi tumewapita New York kwa masaa 8 na California kwa masaa 11. Wao wakishasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi inakuwa 7 na 10. Mechi ya chuo ya saa 1 jioni kule mashariki kwako ni saa 9 usiku, hiyo achana nayo kama una kazi asubuhi. Lakini Jumamosi wanacheza mchana pia, na saa 6 mchana ya kule ni saa 2 usiku hapa, umeshakula, umeoga, waangalia kama mtu mwenye heshima zako. Mashindano ya Machi nayo siku za mwanzo mechi zinaanza saa 6 na kitu mchana kwao, kwako ni saa 1 na kitu, magharibi imeshaswaliwa, na zinafuatana moja baada ya nyingine mpaka asubuhi. Timu ni 68, utachoka wewe.

Warriors wakiwa nyumbani California ndio tamu kabisa, wakianza saa 1 jioni yao wakati wa baridi yao, hapa ni saa 12 asubuhi. Mahamri na mbaazi na Curry, wataka nini tena. Fainali ya chuo ndio ngumu, Jumatatu usiku kwao, kwetu imeshaingia Jumanne. Ile ya 2024 ya UConn na Purdue ilianza saa 10 na dakika 20 alfajiri hapa na ilikuwa mwisho mwisho wa Ramadhani, kwa hivyo watu wa daku walikuwa macho vyovyote. UConn walishinda 75-60 lakini aliyefunga nyingi alikuwa wa Purdue, Zach Edey, pointi 37. Aliyekuwa macho usiku ule sahii ana haki ya kumfuata Edey huko Memphis ya NBA na kusema wangu huyo.

Kuhusu bando sitasema mengi, kila mtu anajua mfuko wake. NBA wana League Pass, ya kuangalia mechi mtandaoni kwa kulipia, kama ni wewe peke yako inauma, mkichanga watu wa maskani mkaangalia pamoja inakuwa nafuu. Kama hamna pesa basi hailaiti za bure za NBA hutoka YouTube mechi ikishaisha, weka video kwa ubora wa chini, na usiingie kwa grupu la WhatsApp kabla hujaangalia mana kuna mtu, kila grupu lina mtu huyo, ataposti matokeo tu bila huruma.

Halafu kutoboa kwenyewe kunachukua muda na hapa mashabiki wengi hukata tamaa mapema. Rudi kwenye drafti ya 2009, siku timu za NBA zinapochagua vijana kwa zamu. Namba 2 alichukuliwa Hasheem Thabeet, Mswahili mwenzetu kutoka Dar es Salaam, urefu mita 2.21, akitokea UConn ambao mwaka ule walifika nne bora, na akawa Mtanzania wa kwanza NBA. Curry alichukuliwa namba 7. Ukiuliza siku ile wengi Afrika Mashariki tulikuwa tunamtazama Thabeet, nani alikuwa na habari na yule wa 7. Msimu ule ule wa kwanza Memphis wakampeleka Thabeet ligi ya chini kwa muda, na kufika 2014 NBA ilikuwa imeshamwishia. Curry naye usidhani aliteleza tu, vifundo vya miguu vilimsumbua mpaka msimu wa 2011-12 akacheza mechi 26 tu, na 2012 akasaini mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne ambao baadaye ulikuja kuonekana ni bei ya kutupa. MVP ikaja 2015, ikarudi 2016 kwa kura zote bila hata moja kupotea, ubingwa 2015, 2017, 2018 na 2022, na Machi 2025 akafikisha mtupo wake wa pointi tatu wa 4,000. Kwa hivyo mtu wako akikaa benchi miaka miwili usimkane. Na akiishia kama Thabeet pia usimkane, mtu aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka huo si mtu wa kuchekwa na kina sisi tusioweza hata kugusa wavu.

Jambo lingine, acheni kudhani pro ni NBA peke yake. NBA kila timu inaruhusiwa wachezaji 15 na wengine watatu wa mikataba ya kwenda na kurudi ligi ndogo, basi, ukipiga hesabu timu 30 utaona nafasi zenyewe ni ngapi na vyuo ni vingapi. Wengi huenda Ulaya, na sisi watu wa Malindi hapa tuna bahati ambayo Nairobi hawana, tuna Wataliano. Muulize mzee wa Kitaliano yeyote mpenda basketi kuhusu Kyle Hines atakuwekea kiti. Hines alichezea chuo cha UNC Greensboro, mita 1.98 na alikuwa anacheza ndani na majitu, 2008 NBA hakuna aliyemchagua, akaanzia Veroli huko Italia daraja la pili, akaja akabeba Euroleague, kombe la vilabu vya Ulaya, mara nne, mbili na Olympiacos na mbili na CSKA, kisha akamalizia Milano. Sasa huyo ametoboa au hajatoboa? Mashabiki wa Greensboro wanamwona ni mfalme na wako sawa. Na masaa ya huko Ulaya ni rafiki, mechi ya saa 2 na nusu usiku Italia hapa ni saa 4 na nusu wakati wa baridi yao, saa 3 na nusu wakishabadilisha saa. Hata wetu Tylor Ongwae alipita vyuo vya Marekani akaenda kucheza Denmark, na Februari 2021 ni yeye aliyetupa ile ya mwisho tukawapiga Angola 74-73, Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28.

Ugomvi utakaoukuta siku hizi ni wa mtu ni wa chuo gani, mana vijana wanahama kila mwaka. Dalton Knecht alicheza Northern Colorado kisha akahamia Tennessee, 2024 Lakers wakamchagua namba 17, sasa wa nani? Mimi nasema wa wote wawili, ila aliyemwona kwanza asikatwe usemi. Kina Tennessee watabisha, wacha wabishe.

Na ukimsifu, sema mashallah kwanza, halafu sifu kitu ulichokiona. "Mnyama", "mbuzi" (GOAT, bora kuliko wote), "hana mpinzani", hizo kila mtu anaandika. Andika vile alivyomkata yule mlinzi kwota ya tatu, watu watajua wewe uliangalia. Usimtukane wa chuo kingine ili wako apande. Usimtumie mchezaji matusi ati amekuvunjia beti, yeye hakukutuma uweke. Na usimdai akipenda chuo chake akionyeshe vile wewe unataka. Davidson wana sheria yao, jezi haipandishwi juu ya ukumbi kwa heshima mpaka mchezaji amalize digrii, na Curry aliondoka mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Basi namba 30 ilingoja. Mtu ana MVP mbili na jezi haijapanda, na chuo hawakulegeza. Mpaka 2022 akamaliza sosholojia yake, Agosti mwaka huo wakafanya mahafali yake peke yake na jezi ikapanda siku hiyo hiyo. Mimi kati ya vikombe vyote hiyo siku ndio naipenda.

Ratiba basi. Drafti ni mwisho wa Juni, Julai kuna ligi ya majira ya joto Las Vegas ambako wapya wote hujaribiwa, hiyo usiikose kama mtu wako ndio kwanza ametoka chuo. NBA yafunguliwa karibu mwisho wa Oktoba, chuo mwanzo wa Novemba, na Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa nyuma, kwa hivyo alamu ya simu isogeze mbele saa moja siku hiyo hiyo, la sivyo utaamka bure uanze kuangalia matangazo.