Kusoma hataza bila kupotea: mfano wa Kary Mullis

Wenzangu wa maabara huniuliza waanzie wapi wakifungua hataza ndefu, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Nitaonyesha kwa kazi za mtu mmoja, Kary Mullis, aliyebuni PCR (njia ya kuzidisha DNA maabara) na kupata Nobel ya kemia mwaka 1993.

Hatua ya 1. Ingia Google Patents, andika US4683202. Hiyo ni ya kuzidisha vinasaba. Ndugu yake, US4683195, ni ya kuvigundua ndani ya sampuli. Zote mbili zilitolewa 28 Julai 1987.

Hatua ya 2. Mvumbuzi si lazima awe mmiliki. Ya kwanza ina jina la Mullis peke yake, ya pili ina wavumbuzi sita, lakini mwenye mali kote ni kampuni ya Cetus. Ndiyo maana haki za PCR zilipouzwa kwa kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche mwaka 1991 kwa dola milioni 300, muuzaji alikuwa Cetus. Mullis alishapewa bonasi ya dola 10,000, basi.

Hatua ya 3. Tarehe. Hapa niliwahi kukosea: nilihesabu miaka 17 tangu kutolewa, nikapata 2004. Kumbe sheria ya Marekani iliyoanza Juni 1995 ilizipa hataza zilizokuwa hai muda mrefu zaidi kati ya huo na miaka 20 tangu ombi la mwanzo, yaani ombi mama. Hilo liliwasilishwa 28 Machi 1985, kwa hiyo ulinzi uliisha 28 Machi 2005. Siku hizi naanza na ombi mama.

Hatua ya 4. Shuka hadi kwenye madai, sehemu inayosema ni nini hasa kinalindwa, na ukae hapo. Dai la 1 la US4683202, kwa lugha yetu ya benchi: weka praima mbili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) zirefushwe juu ya nyuzi za DNA, tenganisha nyuzi mpya na zile za zamani, kisha rudia, kila uzi ukiwa kiolezo. Sasa tafuta kisichoandikwa. Hakuna nyuzijoto 94, joto la kutenganishia nyuzi. Hakuna jina la kimeng'enya. Aliyebadilisha kimeng'enya alikuwa bado ndani ya uzio. Maelezo yana mifano mizuri, ukiwemo wa jeni la siko seli, ila mfano hauweki mpaka. Dai ndilo linaloweka.

Hatua ya 5. Jaribu mwenyewe kwenye hataza yake ya kinga ya mwili, ya mwaka 2008. Tafuta kwa jina lake. Wazo ni molekuli yenye ncha mbili: moja inashikwa na kingamwili ulizonazo tayari, kwa mfano zile za kupinga aina ya sukari iitwayo alfa-gali, nyingine inakishika kimelea cha ugonjwa. Soma dai la 1 ukijiuliza ni ncha ipi imetajwa kwa jina na ipi imeachwa wazi.

Hatua ya 6. Angalia nchi. Herufi US zinafunga Marekani tu. Kwa Tanzania Bara ulizia BRELA, kwa Kenya KIPI, ambazo ndizo ofisi za hataza huko, na usisahau rejista ya ARIPO, shirika la mali bunifu la kanda ya Afrika, Harare.