Somo: Kuchagua betri ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) kwa jenereta ya sola

Swali ni lilelile kila siku: "Ninunue betri gani?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Jumlisha matumizi yako: wati za kila kifaa mara saa kinazowaka. Unapata wati-saa (Wh).

2. Sasa ujue betri inabeba Wh ngapi, zitoshe jumla hiyo: zidisha volti kwa Ah (ampia-saa). Betri ya 12.8V, 100Ah ni 1280Wh. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa vifaa vya nyumbani, nayo inakula chake, toa kama asilimia 15.

3. Angalia ampia za BMS. Hapa tulieni, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. BMS ni saketi iliyo ndani ya betri, inalinda seli, na ina kikomo chake. Mzigo wa wati 1000 unavuta ampia 78 hivi kwenye 12.8V, ongeza hasara ya inveta, unakaribia 90. Betri ya 100Ah yenye BMS ya ampia 50 itakata hapo hapo, halafu useme umeuziwa mbovu. Friji na pampu ndiyo balaa zaidi, zinapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.
TAHADHARI: soma ampia za mfululizo, siyo za sekunde chache, wauzaji hupenda kutangaza zile kubwa. Na usithubutu kuiruka BMS kwa waya eti isikate.

4. Usichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, seli zinaharibika moja kwa moja. Penye baridi kali, chukua yenye kinga hiyo.

5. Chaja: 14.2V hadi 14.6V.

MASWALI

Mchapakazi: Mkuu, kwa kifupi, betri gani nzuri?
— Kwa kifupi, hatua ya 1 hadi ya 5.

Kobe_Mzee: Acha kutisha watu. Nina BMS ya ampia 50 na inveta ya wati 1000, haijakata hata siku moja.
— Unawasha nini?
Kobe_Mzee: Taa na TV.
— Basi hizo 1000 hujawahi kuzigusa. Chomeka pasi uje utuambie.

Nuru: Samahani mtaalamu, yangu inasoma 13.2V tangu asubuhi na natumia. Kipimo kibovu?
— Kipimo kizima, dada, na umeona jambo wengi hawalioni. Volti za LiFePO4 hazishuki sana hadi chaji ikaribie kuisha, kisha zinaporomoka. Kwa hiyo volti hazikuambii kimebaki kiasi gani. Funga kipimo chenye shanti, kinahesabu ampia zinazoingia na kutoka.

Nuru: Asante. Na chaja yangu ya zamani ya betri za asidi?
— Inafaa kama inaishia 14.4V hivi na ile hatua ya kusawazisha (inayopandisha volti juu zaidi kwa ajili ya betri za asidi) inazimika. Isipozimika, weka pembeni.

Fundi_Waya: Niongeze moja: ipimeni kwenye mizani. 100Ah ya 12.8V huwa kilo 10 na kitu. Ya kilo 5 ina seli pungufu.
— Hilo nalo kweli, mkuu. Na ukiunganisha mbili sambamba, zijaze zote kwanza, kila moja peke yake.